Mikono ya Muuza Vitunguu

Nandonde alikileta kimefungwa kwenye jani la mgomba,
udongo mwekundu wa chini ya Mtandi bado umeng'ang'ania mizizi
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.
"Wewe ndiye mwenye vitunguu Masasi hii," akasema.
"Niambie huyu ni wa ukoo gani."

Ilikuwa wiki ile lori la Ruaha lilipokwama kwenye tope,
fungu la vitunguu vitatu likafika elfu moja.
Kwao bondeni, alisema, vimejiotea baada ya mvua,
hakuna aliyepanda, hakuna anayedai ushuru.
"Kama vinalika, dada, mwaka huu nimepona."

Nikaketi juu ya gunia la lumbesa, nikavaa uso wa daktari.
Jani kwanza.
La kitunguu changu lina uwazi ndani, ukilipuliza linalia.
La huyu ni bapa, limejaa.
Lakini nimesikia vya porini vingine navyo ni bapa,
kwa hiyo jani nikalitoa kwenye ushahidi.
Ganda: jembamba, linachanika kama karatasi ya sigara.
Vizuri. Ila hata mwongo huvaa kanzu.
Ua ndilo lingesema kweli:
kitunguu hufungua maua yake yote kutoka nukta moja,
kama njiti za mwavuli,
na wale wengine, wale wenye sumu,
huyapanga kwenye bua, moja juu ya jingine.
"Ua liko wapi?"
"Mbuzi amelila."
"Na mbuzi yuko wapi?"
Akakuna shingo. "Ni wa jirani. Sijamwona tangu Jumanne."

Ikabaki pua.
Nikakata kipande, nikakifikicha
kati ya kidole gumba na cha shahada,
nikanusa.
Kitunguu.
Kitunguu kabisa, hata machozi yakanilenga.
Nandonde akapiga kofi moja, akaanza kuhesabu madebe kwa sauti.

Alikwisha fika kwa wauza dagaa
nilipoitazama mikono yangu.
Miaka kumi na moja.
Nimeiosha kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga.
Nikishika chai, chai ni kitunguu.
Nikishika noti, wa benki wananitambua kabla sijasalimu.
Msahafu naushika kwa ncha ya kanga.
"Nandonde! Rudi!"

Tukamwita Somoe, binti wa muuza barafu,
vidole vyake mchana kutwa vimo majini.
Tukamkatia upande wa pili kwa kisu cha Mchopa wa mihogo,
maana changu nacho si cha kuaminiwa.
Akafikicha. Akanusa.
Akanusa tena, kwa adabu,
kwa sababu alijua tunataka jibu gani.
"Majani," akasema. "Majani na mvua."
Kisha: "Inawasha."
Tulimwosha kwa sabuni mara tatu,
ute ukivutika kama uzi.

Nandonde hakusema kitu.
Alikirudisha kwenye jani lake,
akakifunga vizuri kuliko alivyokileta,
kama mtu anayerudishiwa posa mbele za watu.
Nikampa mafungu mawili,
atalipa yakitoka malipo ya pili ya korosho.

Usiku huu nimekaa kitandani, viganja juu ya mapaja.
Siku tuliyomzika mama mkwe
nilimpangusa mume wangu uso kwa viganja hivi,
na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu nimjue,
nikasema moyoni: kumbe anaweza.
Yuko hapa, amegeukia ukuta, anakoroma kidogo.
Naogopa kumwuliza.
Mikono nimeiacha nje ya shuka.